Mkeka Nyuma ya Maneno

Siku Mghoi alipowanyamazisha watu wa soko la Wundanyi hakuwa na nia mbaya. Nia yake ilikuwa wasomeke.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Vuria mpaka kwenye vibanda vya kabichi, ukungu ule wa Julai unaoingia hadi mifukoni mwa koti, na wenye kola walikuwa wamekuja sokoni kama kawaida yao. Tangu homa ya koo ilipopita Utaita na kuondoka na sauti za watu, karibu kila nyumba ilikuwa na mtu mmoja wa kola: ukanda mwembamba wa shingoni unaosoma misuli ya koo inapojaribu kusema, kisha ukayaandika maneno hewani kwa mwanga, mbele ya kifua. Maneno yalikuwa meupe. Huko chini Voi, penye udongo mwekundu, weupe ulionekana vizuri. Huku juu ulipotea kama chumvi kwenye uji. Mama anauliza bei ya viazi, muuzaji anakodoa macho, mama anauliza tena, muuzaji anamwambia, "Shangazi, hebu simama mbele ya ule mlango mweusi." Wazee wenye heshima zao walikuwa wakitembea na vitambaa vyeusi vya kutandaza kifuani ili wapate kuongea.

Basi Baraza la Bonde likampa Mghoi kazi ya kuweka rangi nyuma ya maneno. Yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wa maandishi wa karakana ya Baraza, na kazi aliiona ndogo. Akaimaliza, akairusha hewani ifike kwenye kola zote asubuhi ya soko, akashuka mwenyewe kwenda kushuhudia watu wanavyofurahi.

Alichokuta ni masanduku ya manjano. Soko zima, kila aliyejaribu kusema, kifuani pake palitokea sanduku la manjano safi, lisilo na hata herufi moja. Bibi mmoja alimfuata Mghoi kutoka kwenye ndizi hadi kwenye nyanya akimtolea masanduku, kila moja refu kuliko lililotangulia, na haikuhitaji msomi kujua yanasema nini. Muuza viazi, ambaye sauti yake ilikuwa nzima na mdomo wake mzima zaidi, alicheka mpaka akashika kichwa.

"Mghoi! Umewaketisha wazee chini, halafu ukawafunika na mkeka!"

Jina likanasa hapo hapo. Hata baadaye, mambo yalipotengenezwa, hakuna aliyesema rangi ya usuli kama Baraza lilivyoandika. Walisema mkeka.

*

Kosa lenyewe lilikuwa la mtu aliyelelewa vizuri. Kola haihifadhi picha ya maneno, maana picha ukiikuza inafifia. Inahifadhi maagizo: anza hapa, andika herufi hizi, kwa ukubwa huu, kwa wino huu. Inayafuata moja baada ya jingine bila kuuliza, na kila inachochora kinakaa juu ya kilichotangulia. Mghoi alipokuwa akipanga maagizo aliliweka neno kwanza na rangi baadaye, kwa sababu neno ndilo mkubwa na rangi ni mtumishi wake, na nyumbani kwao mkubwa hupakuliwa kwanza. Hakufikiri hata kidogo. Mashine haijui mkubwa wala mdogo. Ililichora neno, ikaja na rangi, ikalifunika.

Kugeuza mpangilio ilikuwa kazi ya muda wa kunywa chai. Yaliyobaki ndiyo yaliyomtoa jasho. Herufi haina mgongo. Unaweza kuiambia ijae wino mwekundu au ijizungushie ukingo mweusi, lakini huwezi kuiambia iwe na rangi nyuma yake, haijui nyuma ni wapi. Inabidi utengeneze mstatili, kitu kingine kabisa, uusogeze mpaka ukae mgongoni mwa neno. Mstatili nao haujui neno lina urefu gani, kwa hiyo lazima neno lipimwe kwanza, upana na kimo, kisha uongeze nafasi kidogo pembeni, lisije likabanwa kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake. Mara ya kwanza rangi ilining'inia chini ya maneno kama shimizi inayochungulia, kwa kuwa neno huwekwa kwa kufuata mstari linaposimama na mstatili huwekwa kwa kufuata kichwa chake. Mara ya pili ikakata mikia ya g na j, na Wataita kwa g hawajambo. Mara ya tatu ikakaa, na manjano akaibadili kuwa samawati, weupe uonekane.

Na kwa sababu maneno lazima yapimwe kabla ya kutandikiwa, kola ilianza kumngoja mtu amalize alichotaka kusema. Inapima, inatandika, halafu herufi zinaanza kuja juu yake polepole. Kwa hiyo mkeka ulionekana mtupu kwa kitambo kidogo kabla ya maneno. Watu wakazoea upesi. Ukiona mkeka mfupi unajua ni ndiyo au hapana; ukiona mrefu unavuta kiti.

Vitambaa vyeusi vilitoweka sokoni. Yule bibi wa masanduku alimletea Mghoi mkungu wa ndizi, akamwandikia juu ya samawati iliyokolea, "Nilikutukana sana siku ile." Mghoi alicheka, akasema alijua.

*

Ndipo Kilelu alipokuja karakana. Alikuwa Katibu wa Baraza, mtu mpole mwenye kofia ya sufi, asiyejua kukaa kitini bila kwanza kuuliza kama kiti ni cha mtu.

"Sasa mkeka upo," alisema, "kwa nini uwe wa rangi moja?"

"Rangi moja husomeka vizuri, Katibu."

"Sikiliza, binti. Kola inasoma koo. Mtu akikasirika koo linakaza, akiogopa linakaza kwa namna nyingine. Hayo yote kola inayajua, ila haiyasemi. Iache iyaseme. Kijani kwa utulivu, nyekundu kwa hasira, na hizo nyingine katikati. Rangi ya moyo."

"Na asiyetaka moyo wake uonekane?"

Kilelu alivua kofia akaikunja magotini. "Binti yangu ana kola. Nikimuuliza shule ilikuwaje, anaandika, 'Sawa.' Nikimwambia mama yake amelazwa tena, 'Sawa.' Wewe ukiniambia sawa, nasikia ni sawa ipi. Yake siisikii. Miaka yote hii naishi na mtoto nisiyemsikia. Mimi na wewe sauti zetu hutuumbua kila siku, tumekufa?"

Mghoi alimwonea huruma kwa kweli, na kazi yenyewe, kama kazi, ilimwashia tamaa: ilikuwa ni kubadili agizo moja tu la mstatili. Jibu lilimjia akiwa njiani kwenda nyumbani, kama majibu mazuri yanavyofanya, yakichelewa. Sauti mtu anaweza kuimeza. Mkeka wa moyo hakuna awezaye kuumeza.

*

Siku iliyofuata alikuja mjomba wake, Maghanga, akiegemea fimbo.

Kati ya mjomba Maghanga na mama yake Mghoi palikuwa na barabara. Wakati wa homa, amri ilitoka kwamba asipite mtu kushuka Mwatate, ugonjwa usifike kwenye miji ya chini, na Maghanga ndiye aliyekuwa na zamu kwenye kizuizi siku dada yake alipofika na mumewe kiti cha nyuma cha gari, anapumua kwa shida. Dada alilia, akapiga magoti. Maghanga hakufungua. Baba yake Mghoi alifia kando ya gari, mbele ya kizuizi, na baada ya siku chache homa ikaichukua sauti ya mama. Miji ya chini ilipona. Watu wengi walimshukuru Maghanga, na shukrani hizo zilimzeesha kuliko umri.

"Mama yako amekubali kutasa," alisema. "Jumamosi, uani kwake."

Mghoi aliweka kalamu ya mwanga chini. Kwa Wataita hasira iliyofichwa si jambo la mwenye nayo peke yake. Hukaa tumboni na kumla yule iliyemkusudia. Dawa yake ni kutasa. Mwenye kinyongo husema kilicho moyoni na kumtakia mwenzake heri, na kila asemapo hutia maji ya miwa mdomoni na kuyapuliza nje, hasira itoke nayo. Lakini lazima aseme, na lazima watu waone amesema. Homa ilipochukua sauti, vinyongo vya bonde zima vilibaki vimekwama vifuani, na maneno meupe kwenye ukungu wa asubuhi hayakuwa ushahidi kwa mtu. Mkeka ulikuwa umefungua mlango ambao Mghoi hakuwa ameufikiria.

"Nimefurahi, mjomba," alisema, na alimaanisha.

"Ngoja. Katibu ameniambia kuna rangi ya moyo. Nataka Jumamosi iwepo." Mzee alikuwa akitazama mikono yake. "Mama yako ni mtu mwema. Atasema amenisamehe hata kama hajanisamehe, kwa sababu mimi ni mgonjwa na yeye ana huruma. Maneno yake nitayasoma. Mimi nataka kujua."

"Na ikitoka nyekundu?"

"Basi nitajua ninakufa na nini."

*

Jioni ile mama yake, Walegwa, alikuwa akiponda kimanga cha mihogo na maharage jikoni. Mghoi alimuuliza kama anaweza kumjaribishia kitu kwenye kola. Mama akainua kidevu, yaani endelea.

"Chumvi umeiweka wapi?" aliandika mama, na mkeka ulikuwa kijani kama jani la mgomba. Wote wawili wakacheka. "Yule jogoo wa jirani amekuja tena kunya mlangoni." Rangi ya chungwa. Wakacheka zaidi, na mama akamtukana jogoo mara tatu nyingine ili aone chungwa lake. Mghoi alikuwa hajamwona mama yake akicheza hivyo kwa siku nyingi, na kwa dakika moja aliona Kilelu ana haki kabisa.

Kisha akasema, "Mjomba alikuja kazini."

Mkeka ukatandikwa. Ulikuwa mwekundu, mwekundu wa damu mbichi, ukasimama mtupu kati yao juu ya sufuria. Halafu herufi zikaanza kuja, moja moja, juu yake:

"Miguu yake inaendeleaje?"

Walegwa aliitazama rangi yake mwenyewe. Mwiko ulikuwa bado mkononi. Alitazama mpaka maneno yalipofifia, kisha akaandika, "Kumbe ni kubwa hivyo," na hilo nalo likaja jekundu. Akashika kola kwa kiganja. "Zima."

Mghoi akazima. Alichokiona ni kwamba amemvua mama yake nguo jikoni kwake mwenyewe, na mama anajifanya hakuona. Walikula kimanga. Kilikuwa kitamu, na hilo lilimuuma zaidi.

Alijua sasa kinachomngoja Jumamosi. Akiiweka rangi ya moyo, mama atasimama mbele ya ukoo mzima, ataandika maneno ya heri, na nyuma ya kila neno patasimama kitu kinachomkana. Mjomba ataenda zake akiwa na hakika kwamba anachukiwa. Asipoiweka, mjomba ataenda zake na shaka, na shaka kwa mgonjwa ni ugonjwa wa pili. Na nyuma ya hao wawili kulikuwa na binti wa Kilelu na "sawa" zake, na kila mwenye kola bondeni.

Kesho yake aliandika agizo jingine, akalirusha kwenye kola zote. Kola ikiachwa ilivyo, mkeka ni samawati kwa kila neno. Mwenye kola akiigonga mara mbili kwa kidole, mkeka unafuata moyo, mpaka atakapogonga tena. Hakuna mwingine anayeweza kugonga kutoka mbali; si Baraza, si karakana, si Mghoi mwenyewe. Alimwonyesha mama yake, akamwambia, "Mama, wewe acha tu. Usiguse kitu. Samawati ni nzuri." Mama akagonga mara mbili kujaribu, akagonga tena kuzima, akainua kidevu.

*

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba watu waliingia uani wakitanguliza mikono. Ukoo ulikuja, majirani wakaja, na Kilelu akaja na binti yake. Hakuwa amemaliza kusalimia watu alipomvuta Mghoi pembeni.

"Mbona kwa mtoto wangu naona samawati tupu?"

"Kwa sababu hajagonga kola, Katibu. Akitaka atagonga."

Kilelu alielewa mara moja, na uso wake mpole ukakunjamana. "Kwa hiyo atanificha."

"Akitaka kukuficha, ndiyo."

"Rangi ya kuchagua nani ataiamini? Hiyo ni rangi ya mdomo, mtu anajipaka akienda harusini! Mghoi, nilikuomba kitu kimoja. Jumatatu kazi hii nitampa mwingine, na atanifanyia nilivyosema."

"Sawa," alisema Mghoi, na sauti yake ikatetemeka, na Kilelu bila shaka alisikia ni sawa ipi.

Maghanga alikuwa ameketishwa kwenye kigoda katikati ya ua, blanketi mabegani. Walegwa alisimama mbele yake, kibuyu cha maji ya miwa mkononi. Walikuwa karibu kiasi cha kugusana, na walikuwa hawajasimama karibu hivyo tangu kwenye kizuizi. Mghoi alisogea mpaka akaweza kuiona shingo ya mama yake. Moyoni alikuwa akisema, usiguse, usiguse, usiguse.

Walegwa aliinua mkono, akagonga kola mara mbili. Hakugonga kwa siri. Aliuinua mkono ule juu, kila mtu auone, kama mtu anayefunua kichwa mbele ya watu.

Kola ilikaa kimya. Watu wakajua anasema jambo refu, na inangoja. Kisha mkeka ukatandikwa, mrefu, ukashuka tabaka juu ya tabaka kutoka kifuani hadi kiunoni, mwekundu mtupu katika ukungu ule mweupe. Mtu fulani nyuma akavuta pumzi. Maghanga aliutazama, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokwisha kuitarajia.

"Fungua macho, mjomba," alisema Mghoi. "Hajaanza."

Herufi zikaja.

"Maghanga, mtoto wa mama yangu. Hasira ninayo. Nilikupigia magoti hukufungua. Najua walioponea chini ni wengi, nimewaona, nimewabeba watoto wao, na bado ninayo. Nimelala nayo mpaka nimezoea uzito wake. Ningekuwa sina, leo ningetema nini?"

Akatia maji mdomoni, akayapuliza. Matone yakapita katikati ya mkeka mwekundu, yakatua kwenye blanketi la kaka yake, kwenye mikono yake, usoni pake.

"Upone," ukasema mkeka wa pili, mwekundu. Akapuliza. "Ulale usiku." Mwekundu. Akapuliza. "Usiamke ukiuona uso wa mume wangu. Yeye hakukulaani, nilikuwa nimemshika, nilimsikia." Akapuliza kwa nguvu zote za kifua kisichokuwa na sauti, akayumba, na Mghoi akamshika kiwiko.

Maghanga alilia waziwazi, mdomo wazi, kama watu wazima wasivyolia. Alikuwa ameambiwa maneno ya huruma na watu wengi kwa miaka mingi, na hakuna hata moja aliloliamini. Haya aliyaamini. Mtu anayeweza kukuonyesha hasira yake kwa hiari, wakati angeweza kuificha, hana sababu ya kukudanganya anapokutakia usingizi. Mghoi aliliona hilo likiingia usoni mwa mjomba wake, akaelewa kwamba mlango alioutengeneza ili mama apate pa kujificha, mama ameutumia kutokea nje. Alijisikia mjinga, na alijisikia vizuri. Kilelu alikuwa amesimama karibu na boma la mbuzi, kofia mkononi, hamtazami Mghoi wala mzee. Alikuwa akimtazama binti yake, na mkono wa binti ulikuwa umetulia ubavuni bila kugonga kola, na kwa mara ya kwanza baba hakumsukuma kwa swali.

Watu wakaanza kusogea, wanawake wakaenda kwenye masufuria. Maghanga akaushika mkono wa dada yake asiondoke.

"Walegwa. Sema tena kitu. Chochote."

Akasema kitu, na mkeka ukatangulia kama ilivyo desturi yake, mfupi, mtupu kidogo kabla ya herufi. Mzee akausogelea kwa macho yake yaliyolowa.

"Dada," alisema taratibu, "bado ni nyekundu."

Herufi zikaja juu yake.

"Naiona. Kesho uje tena."